Masoud Anakamilisha Kumi

Gizani, kabla ya alfajiri, kifuniko cha birika kilianza kugongagonga. Freha akatega sikio: ni ardhi tena, au ni maji tu? Yalikuwa maji. Akatia nanaa na sukari, akalibeba hadi kwenye hema lililokuwa sinagogi tangu tetemeko liuangushe mtaa wao wa milimani. Binti yake Zohra, wa miaka mitano, alimfuata ameshika pindo la gauni.

Siku saba zilikuwa zimepita tangu wamzike Masoud, mumewe, na bado hajasomewa sala ya wafu. Sala hiyo haisomwi pasipo wanaume kumi. Freha hakutaka kingine.

Rabi Makhlouf hakuwahesabu wanaume waliofika kwa namba, maana kuhesabu watu ni kuwaitia balaa. Alisoma aya ya maneno kumi, kila kichwa neno lake. Neno la kumi likakosa mtu, likaangukia nguzo ya hema.

"Nguzo haijatahiriwa," akasema Shmaya mchinjaji.

"Mimi nipo, Rabi," akasema Freha. Ndiye aliyelifukua gombo la Torati kwa kucha zake. Ndiye aliyekuwa akiwalisha wote.

"Mungu akulipe, binti yangu. Ungekuwa mwanamume…"

"Ningekuwa mwanamume mngekufa njaa."

Pazia la mlangoni likafunuliwa, akaingia Masoud, vumbi hadi kwenye kope, sanda ameikunja magotini asijikwae.

"Umechelewa," Shmaya akamwambia. "Hata kufa hakujakufunza?"

"Mmenizika kwenye mawe matupu, halafu mnataka nije mbio!"

Rabi alifungua kitabu, akapekua, akakuna ndevu. Hakuona katazo.

"Ni mwanamume, katahiriwa, kafika. Anatosha."

Sala ikasomwa. Masoud aliitikia "Amina" kwa sauti kuwashinda wote, kwani sala ilikuwa yake. Kisha akaomba chai. Freha akammiminia, akampangusa kope kwa ncha ya kitambaa, taratibu, maana hakuwa na ugomvi naye.

"Kesho uwahi, ndugu yangu," Rabi akamwambia. "Tunakutegemea."

"Inshallah."

Freha akakusanya glasi, akarudi nyuma ya pazia, mahali pa wanawake. Zohra alibaki amesimama katikati ya wanaume, akamtazama baba yake, akamtazama Rabi.

"Lakini mama yuko hai," akasema.