Makala Tisa za Mjomba Hamza

Mzee Hamza aliteremka kutoka milima ya Uluguru na mkungu mzima wa ndizi, akaupeleka moja kwa moja ofisini kwa wakili pale Mwembesongo, mjini. Kwao mlimani mtu haendi mikono mitupu, hata kama anakwenda kugombana. Na kugombana alikuwa amedhamiria.

"Shikamoo mjomba," Daktari Mwanahawa alimwamkia mlangoni, akampokea mkungu. "Ahsante kwa kuja. Mwisho wa kupeleka hati ni leo saa kumi."

"Marahaba mwanangu. Kuja nimekuja. Kusaini, tutaona."

Jambo lenyewe lilianzia mbali. Hamza ndiye aliyemshika Mwanahawa mkono siku anaanza darasa la kwanza Bigwa, na mwalimu alipouliza jina la baba, akataja lake bila kupepesa macho. Angetaja la nani? Kwa Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, na mjomba ndiye mwenye kauli. Binti akasoma, akawa daktari, akaandika makala tisa za utafiti wa saratani ya shingo ya kizazi kwa jina la Mwanahawa Hamza. Alipokwenda kuomba pasipoti, cheti cha kuzaliwa kikasema Twalibu, jina la baba yake mzazi. Basi makala kumi na nne zilizofuata zikatoka kwa jina la Mwanahawa Twalibu.

Sasa chuo anachofundisha kilikuwa kinafikiria kumpa uprofesa, na kompyuta yao ilihesabu watu wawili. Huyo Twalibu aliyeomba cheo, watafiti wenzake wamemtaja mara mia mbili tu, hazitoshi. Huyo Hamza katajwa mara mia tisa, lakini wao hawamjui ni nani! Bila hati ya kiapo, iliyosainiwa na wazee wote wawili kwamba majina hayo ni ya mtu mmoja, Mwanahawa angesubiri miaka mitatu mingine, na mradi wa kuwapima akina mama wa vijiji vya mlimani angepewa mtu mwingine.

Wakili Mitali akavaa miwani, akasoma: "Mimi Hamza naapa kwamba mimi si baba mzazi wa Mwanahawa..."

"Ishia hapo hapo!" Hamza alisimama. "Si baba? Nani alimbeba mgongoni mto ulipofurika?"

"Ulimbeba, shemeji, sikatai," alisema Mzee Twalibu kutoka kiti cha pili. "Lakini damu ni yangu. Na mimi sisaini mpaka iandikwe kwamba jina langu ndilo la haki, na lako ni kosa."

"Kosa! Kosa limetajwa mara mia tisa, la haki mara mia mbili! Loo, shemeji, dunia imeshachagua."

Wakili aliinamia karatasi zake kuficha kicheko. Mwanahawa hakucheka. Aliangalia saa ya ukutani, tisa na nusu, akafikicha macho. Hamza alimwona, na roho ikamuuma kweli. Lakini ndiyo hivyo, maneno yameshatoka, ataanzia wapi kuyameza?

Hapo Bi Pili, mama yake Mwanahawa na dada yake Hamza, aliyekuwa ameketi pembeni tangu mwanzo, akafungua pindo la khanga. Akatoa kadi iliyochakaa.

"Hamza, nisomee jina langu."

Hamza akaigeuza mbele na nyuma. "Dada, hapa hakuna jina. Kuna namba tu, kumi na saba."

"Ndiyo mimi. Siku zile mwanangu alipokuja kutupima kwa siki, ile inayofanya ugonjwa uonekane, tulipanga foleni wanawake mia tatu. Mimi nikakutwa na ugonjwa mapema, nikatibiwa, nikapona, na hadi leo nakula ndizi zako. Hiyo makala inayotajwa kote duniani, ndani yake mimi sina jina, ni kumi na saba. Nimelalamika? Ninyi mnagombea jina la juu ya karatasi. Na huko mlimani kuna wangapi bado hawajapewa hata namba?"

Hamza aliona aibu mpaka masikioni.

"Lete kalamu," alisema.

"Na hilo neno kosa lifute, wakili," akasema Twalibu kwa sauti ndogo.

Hati iliondoka saa kumi kasorobo. Wakati wanamenya ndizi, Mwanahawa alimsogelea mjomba wake. "Makala zikishachapwa hazibadilishwi jina. Zile tisa zitabaki zako."

"Umesikia, shemeji?"

"Nimesikia. Zangu kumi na nne."

Miezi miwili baadaye, nyumbani Bigwa, pilau ilikuwa sufuriani na ndugu wamejaa uani. Mshereheshaji alikamata kipaza sauti. "Tumpokee Profesa Mwanahawa, binti..." Akasita. Alikuwa ameshaonywa juu ya wazee hawa wawili. "Jamani, binti wa nani?"

Twalibu akamtazama Hamza. Hamza akamtazama Twalibu. Kisha Hamza akainuka, akaelekeza kidole kwa dada yake aliyekuwa akikoroga chai.

"Sema binti wa Kumi na Saba!"

Vigelegele vikapasuka. Bi Pili aliweka upawa chini, akajifuta macho kwa pindo la khanga, lile lile lililokuwa limefunga kadi.