Maji Yaliyofuata Kidole

Winfrida alikuwa mbishi, na bora alikuwa hivyo. Gemu aliyoitengeneza na mwenzake Calvin, katika chumba walichopanga Moshi mjini, ilikuwa ya kugawa maji: unayatoa msituni, unayapitisha kwenye mfongo, ule mfereji wa Wachagga, hadi kila shamba la migomba lipate zamu yake kabla jua halijazama. Kwenye kompyuta ilikwenda vizuri. Kwenye mashine ya gemu ya televisheni, ukishika pedi ya kuchezea, raha tupu. Kwenye kishikwambi? Aibu!

Na kampuni ya Dar iliyotaka kuisambaza ilikuwa na sharti moja: ichezeke kwenye vyombo vyote vitatu, au basi. Mkaguzi wao, Davis, alikuwa ameshaikataa mara mbili. Calvin alikuwa amechora vitufe vya pedi juu ya kioo, kama wafanyavyo wengi. Dole gumba likawa linaziba mfereji, linakosa kitufe, maji yanamwagika barabarani. Jumatatu Davis angekuja mwenyewe, kwa mara ya mwisho.

"Tuiache, Winnie. Mkamia maji hayanywi," Calvin alisema.

"Kanywe wewe chai!" Winfrida alimjibu, akabamiza mlango. Alikuwa na hasira za kutaka kulia. Kazi yote ile, iishie kwenye dole gumba!

Jumamosi alipanda nyumbani Machame. Ilikuwa zamu yao ya maji, na baba yake, mzee Eliaichi, hakuwa na muda wa salamu ndefu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Shuka mferejini, maji hayangoji mtu!"

Winfrida akavua viatu. Jembe lilikuwa mbali na maji yalikuwa yanakuja, basi akainama akachora kijia kwenye tope kwa kidole. Maji yakakifuata. Akakata kushoto, yakafuata. Akalaza kiganja, yakasimama.

Akaduwaa, tope hadi viwikoni. Jamani! Nani aliwahi kuyaamuru maji kwa vitufe? Akacheka peke yake mpaka baba yake akamuuliza kama ana homa.

Jumapili, baada ya ibada, alirudi mjini akafuta vitufe vyote. Calvin alinuna. Kisha akajaribu kwa kidole chake mwenyewe, na kununa kukamwisha.

Jumatatu Davis alikipokea kishikwambi, akakigeuza huku na huku. "Vitufe viko wapi?"

"Hakuna," Winfrida alisema. "Chora njia, maji yatakufuata. Ukitaka yasimame, weka kiganja."

Davis akachora. Shamba la kwanza likalowa. Akazuia, akakata kona, la pili likalowa. Akalegeza tai. Calvin akashindwa kuvumilia, akanyoosha mkono kukichukua kishikwambi.

"Vipi, kaka? Imepita?"

Davis akausukuma ule mkono bila kuinua macho. "Imepita, imepita, vyombo vyote vitatu. Sasa niache, bwana! Kuna bibi huku bondeni, shamba lake bado kavu."

Winfrida akapiga vigelegele mpaka majirani wakatoka nje.