Saa Tano na Nusu kutoka Dubai

Aruna alikata roho alfajiri, nyumbani kwake, mtaa wa Vulamba. Kufikia saa tatu asubuhi mkewe Sifa alikuwa amemaliza machozi ya kwanza na kuanza kukasirika. Shehe alikwishasema: maziko ni baada ya sala ya adhuhuri. Lakini Jamali, mtoto wao wa kwanza, alikuwa Dubai kununua bidhaa, na alipiga simu akiapa kwamba hakuna mwingine atakayemshusha baba yake kaburini.

Wadogo wawili wa Jamali, Lukman na Kadogo, watu wa malori tangu ujana, walichuchumaa uani wakapiga hesabu juu ya kipande cha katoni, utadhani wanangoja mzigo wa saruji.

"Mama, kuja uone," Lukman akaita. "Dubai mpaka Entebbe ni kilometa elfu tatu na mia saba. Banaandika ku internet: saa tano na nusu. Entebbe mpaka kiwanja ya ndeke ya Mavivi, saa moja. Kutoka Mavivi miye mwenyewe namuleta na gari, saa mbili. Akitoka sasa, mbele ya saa kumi na mbili ya magaribi yuko hapa, tunazika."

"Ao ashukie ku kiwanja ya hapa Rughenda," Kadogo akadakia. "Anasemesha tu pilote vizuri."

"Pilote ni chauffeur wenu wa malori?" Sifa akafoka. "Ndeke hapana kamio ya mizigo, ijae ndio iondoke! Iko na saa yake, na mutu anapanda na tiketi. Mulimuuliza ndugu yenu kama iko na tiketi?"

Wakaitazama katoni. Kilometa walizihesabu zote. Tiketi haikuwapitia kichwani.

Sifa akamnyang'anya Lukman simu, akapiga.

"Jamali! Tiketi iko wapi?"

"Natafuta, mama. Ya leo imejaa. Iko ya kesho magaribi. Lakini mungojee tu, kesho kutwa..."

"Kesho kutwa! Baba yako alale sebuleni siku mbili kama gunia ya muhogo?"

"Kwako ni rahisi kusema, mama. Weye uko karibu naye. Miye niko mbali."

Sifa akaketi juu ya ndoo iliyofudikizwa karibu na mlango.

"Karibu? Makaburi iko dakika kumi na miguu. Batakapomubeba, miye nabaki humu ndani na bamama. Myaka makumi tatu na munane niliishi naye, na ile dakika kumi sitaitembea. Nani iko mbali?"

Sifa alimsikia Jamali akivuta kamasi, na nyuma yake muuzaji fulani akitaja bei.

"Basi, Lukman ashuke," Jamali akasema mwishowe. "Amulaze polepole."

"Atamulaza. Weye kata ile tiketi ya kesho. Kuja kuniona miye."

Akakata simu, akafuta uso kwa ncha ya kitenge, kisha akaichomoa ile katoni mkononi mwa Lukman.

"Enda uoge. Adhuhuri hapana kungoja mutu."