Jengo Lililoshikwa na Mioyo

Nzisa alikuwa akicheza densi mbele ya simu aliyoiegemeza kwenye ndoo ya unga, chini kabisa ya jengo lao katika mtaa wa Huruma, kwa sababu hapo ndipo mtandao ulipokuwa unashika. Ilikuwa saa nne asubuhi. Mama yake aliketi kando akisukuma chapati za kuuza. Nyuma ya Nzisa ilisimama nguzo kuu ya jengo, na nguzo hiyo ilikuwa na ufa ambao mtu mzima angeweza kutia mkono hadi kiwiko. Juu yake kulikuwa na ghorofa saba.

Mtu wa kwanza aliyekuwa akitazama mtandaoni akabonyeza moyo. Moyo ukatoka kwenye kioo cha simu, mwekundu, mkubwa kama ngumi, ukaelea polepole mpaka kwenye ufa, ukajipenyeza. Wa pili ukafuata. Mama Nzisa aliutazama wa tatu ukipita, akageuza chapati.

"Isiangukie unga," akasema.

Kufikia saa sita ufa ulikuwa umejaa. Mlango wa Mzee Obura wa ghorofa ya nne, ambao haukuwa umefungika tangu mwaka uliopita kwa sababu ukuta ulikuwa umeinama, ukafungika wenyewe. Mzee Obura alikuwa amestaafu kazi ya reli na hakuamini kitu kabla ya kukipima. Akashuka na pimamaji yake, akailaza sakafuni. Kiputo kikasimama katikati.

"Jengo limenyooka," akamwambia Nzisa. "Umefanya nini?"

"Nimecheza tu, Mzee."

"Basi cheza tena."

Nzisa alikuwa na miaka kumi na tisa. Alipenda kucheza mbele ya simu kwa kuwa kwa hizo dakika chache hakuna aliyemuuliza kama amepata kazi. Alikuwa na wafuasi elfu kumi na moja, karibu wote watu asiowajua, na barua ya kujiunga na chuo cha uuguzi Machakos mwezi wa Septemba. Barua aliiweka chini ya godoro. Wafuasi aliwatazama kila baada ya dakika tano.

Shida ya mioyo ni kwamba hunyauka. Siku ya pili ilianza kukunjamana kama nyanya za juzi, ikadondoka mmoja mmoja, na Ooko, keretaka aliyeliangalia jengo, akaifagia. Ooko alikuwa amemwandikia landilodi, mwenye jengo, mara tatu kuhusu ufa ule. Mara zote landilodi alijibu kwa picha ya kidole gumba. Basi Ooko akachukua karatasi, akaandika ZAMU ZA KUCHEZA, akaibandika ngazini.

Kila mpangaji alijaribu. Mzee Obura alinyoa ndevu laivu mbele ya simu, akapata mioyo arobaini na mmoja, iliyotosha ukuta wa jikoni. Clare wa ghorofa ya tatu aliimba nyimbo za kanisani, akapata kumi na tisa tu, ingawa yake ilichelewa kunyauka. Nzisa, siku yake mbaya, alipata elfu tatu. Baada ya wiki moja karatasi ya zamu ilibaki na jina lake peke yake.

Alhamisi moja mtandao ulikatika mchana kutwa. Jengo likazama upana wa kidole na sufuria ya Clare ikateleza kutoka kwenye jiko. Wapangaji walikasirika sana, wakapiga simu kwa kampuni ya mtandao.

Kisha akaja mkaguzi wa majengo, Bwana Kimeu, na brashi na kopo la rangi nyekundu ya kuchora alama ya X kwenye majengo ya kubomolewa. Alizunguka nguzo mara mbili. Akaudunga moyo mmoja kwa kalamu, nao ukapigapiga.

"Hii ni nini?"

"Mioyo," Ooko akajibu.

"Ya nani?"

"Ya watu wa mtandaoni."

Bwana Kimeu akaipekua fomu yake. "Hapa hakuna mahali pa mioyo," akasema. Alifikiri kidogo, akaiandika kwenye safu ya 'vifaa vinginevyo', kisha akalifunika kopo la rangi. Alinunua chapati mbili na kabla ya kuondoka akamwomba Nzisa jina analotumia mtandaoni, ili amfuate.

Habari zikamfikia landilodi, Bwana Mbaluka, naye akaja mwenyewe kwa mara ya kwanza tangu Krismasi. Aliitazama nguzo kwa muda mrefu. Nzisa alidhani anahesabu saruji itakayohitajika.

"Inabeba ghorofa ngapi?" Bwana Mbaluka akauliza.

"Saba, bosi," Ooko akasema.

"Imelalamika?"

"Bado."

Wiki iliyofuata lori la kokoto lilimwaga mzigo mlangoni.

Agosti ilipofika, wapangaji walikutana juu ya paa, kati ya kamba za nguo. Hakuna aliyemwambia Nzisa asiende chuoni. Clare alisema tu kwamba Machakos si mbali. Mzee Obura alitaka ipimwe kwanza kama mioyo ingefika kutoka mbali, kwa hiyo Nzisa akaenda kwa shangazi yake katika mtaa wa Fedha, akacheza huko. Mioyo ilitoka vizuri, ikaganda kwenye dari la shangazi, ambalo halikuwa na tatizo lolote. Huku Huruma, jengo likazama upana wa kidole kingine.

Jioni hiyo mama yake aliitoa barua chini ya godoro, akamwekea mapajani.

"Nenda. Sisi tutahama."

"Mtahamia wapi?"

Mama Nzisa aliyataja majengo aliyoyajua, moja baada ya lingine. Yote yalikuwa na nyufa, na humo hakuna aliyejua kucheza.

Nzisa aliandikia chuo kuomba nafasi ya mwaka ujao. Asubuhi akashuka, akaegemeza simu, akacheza bila kutabasamu, macho yakiwa mekundu. Ilikuwa video yake iliyopendwa kuliko zote. Watu walimwandikia kwamba leo amejituma.

Ghorofa ya nane ilikamilika Oktoba, na Bwana Mbaluka akaagiza vyuma vya ghorofa ya tisa. Mume na mke walikuja kuangalia chumba. Jina la mume lilikuwa Mativo, na aliuliza maswali kama mtu aliyewahi kuhama mara nyingi.

"Maji yanakuja lini?"

"Jumanne na Ijumaa," Ooko akasema.

"Na mioyo?"

"Mioyo ni kila siku. Huyo hapo ndiye anayeileta."

Nzisa alikuwa katikati ya densi. Fundi aliyebeba mfuko wa saruji begani alimwomba asogee kidogo apite, naye akasogea bila kupoteza hatua.