Nafasi za Kuitikia

Redio ilikuwa imetundikwa kwenye msumari juu ya jiko la baa ya Mama Goodness, na Thadei aliitazama utadhani inaweza kumng'ata. Ilikuwa Jumapili alasiri, Karatu nzima imetoka ibadani na kushiba, lakini yeye hakuwa ametia kitu kinywani. Nyama ilipoa mbele yake. Kando yake Modest alikula kwa raha zake zote, maana Modest hakujua kinachokuja.

Ukweli usemwe: Thadei alikuwa amefanya ujinga. Yeye mwimbaji na Modest mpiga besi ndio waliobaki wa Vumbi Jekundu, bendi ya roki iliyoanzia katika baa hiihii, enzi ambazo watu wa mji walidhani gitaa la umeme ni mali ya kwaya. Hawakuwa na bosi wala kampuni. Walijirekodi, wakauza kanda zao wenyewe. Kisha mtangazaji mmoja wa Arusha, Flaviana, akasema redioni kwamba besi ya Vumbi Jekundu inajiburuza kama maksai asiyetaka plau. Watu wakacheka mpaka basi. Modest hakucheka. Alitia gitaa lake kwenye gunia, akateremka Mang'ola kulima vitunguu, na hata kuaga hakuaga.

Miaka ikapita. Mwaka huu Thadei alimfuata hukohuko shambani, akambembeleza tena na tena, mpaka akakubali kurekodi albamu mpya. Kwa sharti moja.

"Yule mama asiupate muziki huu kwa mkono wetu," Modest alisema. "Akiusikia mtaani, sawa. Ukimpelekea wewe, mimi na wewe basi."

Thadei akaapa. Halafu albamu ikatoka, watu wakakaa kimya, na yeye akaingiwa na kiherehere. Akapanda basi hadi Arusha, akamkabidhi Flaviana mkononi. Sifa zina ulevi wake, na Thadei hakuwahi kuacha kuzinywa.

"Leo tunawaweka kwenye mizani wazee wa Karatu," redio ikasema. "Vumbi Jekundu, na albamu yao ya kurudi."

Modest akaacha kutafuna. "Kaipata wapi?"

"Muziki una miguu, kaka," Thadei alijibu, jasho likimtoka kwapani.

Flaviana alianza vizuri. Alisema gitaa limekomaa na sauti inakwaruza inavyotakiwa. Hata besi, alisema, safari hii imetulia. Thadei alimtupia Modest jicho la wizi, akaona kitu kama tabasamu. Akapumua, na alipumua mapema mno.

"Lakini wimbo wa mwisho!" Sauti ya Flaviana ikapanda. "Mtu anaimba mstari, halafu kimya. Mstari, kimya. Ngoma zinadunda peke yake. Wazee wamesahau mashairi, au studio ilikatikiwa umeme? Hii ni albamu yenye mashimo, jamani. Na Bwana Thadei aliniletea mwenyewe hadi getini, akanisihi niisikilize mpaka mwisho. Nimesikiliza, mzee wangu. Pole."

Pale kwenye baa hakucheka mtu. Modest alijifuta vidole, kimoja kimoja.

Mashimo yale yalikuwa ya Modest. Kwao, Wairaqw, mzee anapouombea mji, kila akitamka mstari waliokaa huitikia, na mwombaji hajijibu mwenyewe hata siku moja. Wimbo ule waliupiga hivyo tangu zamani, ua mzima wa baa ukiitikia. Huko studio Thadei, ambaye ni mtu wa Rombo wala si Mwiraqw, alitaka kuleta wanakwaya wazijaze zile nafasi. Modest alikataa. "Pale si petu," alisema. "Pale ni pa watu." Basi wakarekodi kama vile Karatu nzima imekaa nyuma ya kioo.

Sasa neno lilimwasha Thadei mdomoni: nilikuambia. Alilimeza.

"Uliniapia," Modest alisema. Hakupaza sauti, na hilo ndilo lililotisha.

"Kaka yangu, nimekosa. Nilitaka tu…"

"Ulitaka akusifu. Na mimi je?"

Akachukua helmeti yake, akaelekea getini kwenye pikipiki. Thadei alijua kwamba ikiwaka, mtu huyu atateremka Mang'ola na safari hii hatarudi tena. Alitaka kumkimbilia, akabaki kitini. Aliogopa. Aliogopa kuzeeka bila rafiki yake.

"Sikilizeni, mhukumu wenyewe," Flaviana akasema, akauachia wimbo.

Likaingia gitaa, zikaingia ngoma, kisha sauti ya Thadei: *Mvua iliyokimbilia Eyasi…*

Kimya. Thadei akainamisha kichwa kwa aibu.

"Na irudi," alisema Mama Goodness, akigeuza ndizi kwenye makaa, wala hakuinua uso.

*Ng'ombe walioshuka Olbalbal…*

"Na warudi!" Hiyo ilitoka meza ya madereva wa watalii. Ikatoka kwa mchoma nyama, ikatoka dukani ng'ambo ya barabara, ambako nao walikuwa wamefungulia redio hiyohiyo. Mji ulikuwa ukiitikia, mmoja huku, wawili kule, na Thadei akainua kichwa.

Pikipiki ilikuwa bado haijawaka. Modest alisimama kando yake, helmeti kichwani, amewapa mgongo.

Ukabaki mstari mmoja. Huo ulikuwa mpya. Thadei aliuongeza mwaka huu, na Modest alipomuuliza unamhusu nani, alijibu kwamba haumhusu mtu.

*Ndugu aliyetoka bila kuaga…*

Hakuitikia mtu. Ng'ambo ya barabara walikuwa hawaujui. Hapa kwenye baa waliuelewa mara moja, wakageuka wote kumtazama Modest, na Mama Goodness akashika koleo lake bila kugeuza kitu. Ngoma zilidunda. Thadei alifungua mdomo, jibu likiwa tayari ulimini, kisha akaufunga. Mwombaji hajijibu.

Nafasi ile ilikuwa ndefu kweli. Hapo Flaviana hakukosea.

Modest akavua helmeti.

"Amerudi," alisema. Bado alikuwa na hasira, na hakumtazama Thadei alipopita. "Mama Goodness, zima hiyo redio."

Akaketi, akaivuta sahani ya Thadei iliyopoa, akaanza kula.