Kitambaa cha Kufutia Mafuta

Sheria niliitunga mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu huu usiotulia. Wanawake wa mtaa tulikubaliana kushona blanketi moja kubwa la viraka la kuwakumbuka wazee wetu waliotangulia, kila nyumba ilete kipande kimoja, kisha tulitundike kwenye ukuta wa ukumbi. Nikasimama nikasema viraka viwe vya nguo walizovaa wenyewe, vya dukani sipokei. Mimi ndiye fundi na cherehani ni yangu, nani angenibishia?

Wa kwanza kukumbana na sheria yangu alikuwa muuza mkaa wa pale kona. Alileta kipande kipya cha zambarau, bado kina mikunjo ya dukani. Akaeleza taratibu kwamba nguo za mama yake ziliungua zote pamoja na nyumba, ila zambarau ndiyo rangi aliyoipenda. Nikakiinua mbele ya watu, nikakinusa, nikauliza huyo marehemu alikivaa lini, maana bado kinanuka duka. Watu wakacheka. Na yeye akacheka kidogo, akakunja kitambaa chake, akaondoka. Siku hiyo nilijiona mjanja kweli.

Kumbe kwangu mambo yalikuwa mabovu kuliko kwake. Nilikwenda kutafuta nguo ya bibi, mama yake baba, aliyenilea na kuninunulia cherehani ya kwanza. Nikafungua sanduku, nikapekua kabati, nikainua hadi godoro. Hamna kitu. Nikakaa kitandani kujikumbusha, na nilipokumbuka nikatamani ardhi inimeze. Gauni la bibi, la kijani lenye maua madogo meupe, nililikatakata mwenyewe mwaka ule nilipofungua kibanda. Lilikuwa pamba tupu, linafyonza mafuta vizuri. Nilipata vipande vinne vya kufutia cherehani. Vitatu vilishachakaa nikavitupa. Cha nne kilikuwa kinaning'inia kwenye msumari ubavuni mwa meza yangu, cheusi tii, na juu yake ndipo nilipokuwa najaribia mshono kila asubuhi kabla sijagusa nguo ya mteja.

Mtu mwenye haya angesema. Mimi nilitafuta kipande cha kijani chenye maua kilichobaki kwenye nguo ya mteja mmoja. Kilikuwa na nailoni ndani yake, lakini nikajiambia nani atajua. Nikakichemsha kwenye chai ya rangi, nikakianika juani siku tatu, nikasugua kingo zake kwa jiwe mpaka kikazeeka. Ilikuwa kazi safi, nikaionea hata fahari, na hiyo fahari ndiyo inayonichoma hadi leo. Nikakishona katikati kabisa ya blanketi.

Siku ya kuoneshana kazi, wanawake walimleta shangazi, mtoto pekee wa bibi aliyebaki. Siku hizi macho yake hayamsaidii, anaona kwa vidole. Akapapasa kiraka changu. Vidole vikasimama, vikarudi, vikasugua tena. Mimi nilikuwa nimekausha uso.

"Ndilo gauni la mama," akasema, kwa sauti ya kusikika na wote.

Wakapiga makofi. Mimi nikashusha pumzi, nikaenda kunywa maji.

Asubuhi yake akaja kibandani peke yake, akakaa kwenye kiti cha wateja. Akaniambia mama yake hakuwahi kuvaa nailoni hata siku moja, ilikuwa inamwasha. Nikatafuta uongo wa pili, nao haukuja. Alipoegemea meza yangu ili akae vizuri, mkono wake ukakutana na kile kitambaa kwenye msumari. Akakishusha. Akakipitisha vidoleni polepole, kwenye mafuta, kwenye mistari ya mishono ya majaribio ya miaka ishirini, mpaka akafika kwenye pindo.

"Pindo hili nilishona mimi," akasema. "Nilikuwa na miaka kumi. Mama alilifumua mara mbili, nikarudia."

Nikamwambia niliona aibu kusema. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.

"Jana nimesema uongo mbele za watu ili usiumbuke, mwanangu. Kwa umri wangu huu. Sasa aibu tunayo wawili."

Akaondoka na vidole vyake vyeusi kwa mafuta, hata maji ya kunawa hakutaka nimpe.

Jumamosi, ukumbini, nilichukua kiwembe nikafumua kiraka changu mbele ya wale wale waliokuwa wamecheka. Nikaeleza yote, chai, jua na jiwe. Niliomba moyoni angalau mmoja acheke, lakini wote walikuwa wanatazama mikono yao. Nikashona kile cheusi mahali pake. Nilikuwa nimekifua mara tatu bila kutakata, maua mawili tu ndiyo yaliyoonekana, tena kwa shida. Shangazi alikaa ubavuni mwangu akinishikia pini.

Kisha nikaenda pale kona. Muuza mkaa alikuwa anajaza makopo, na hakuacha kazi yake kwa sababu yangu. Nikamwambia nilichokifanya, na kwamba nilimcheka yeye wakati uchafu ulikuwa kwangu. Nikamwomba kitambaa cha mama yake. Alijaza kopo moja, akajaza la pili, halafu akainuka akaenda kwenye gunia lililokuwa nyuma yake. Mdomo wa gunia ulikuwa umefungwa kwa ile zambarau.

Akaifungua, akaikung'uta mara mbili. Vumbi jeusi lilikuwa limeingia kwenye kila uzi, na ncha moja ilikuwa imechanika pale alipozoea kuvutia fundo.

"Ulipokikataa nikakipa kazi," akasema. Akakiinua puani akakinusa, kama nilivyofanya mimi siku ile, kisha akaninyooshea. "Sasa kinafaa, fundi? Hakinuki duka tena."

Hakuwa ananitania. Aliuliza kama mteja anavyouliza, akasubiri nijibu. Nikakipokea kwa mikono miwili.