Digrii Sita za Mchungaji Musyoki

Mwaka ule, baada ya mvua za El Nino kuzichana barabara zote za Kwale, Jecinta aligundua kwamba mumewe alikuwa na dhambi moja aliyoipenda kuliko mkewe. Dhambi yenyewe ilikuwa pikapu.

Iliachwa na mmishenari wa Kimarekani aliyekaa nao kwenye skimu ya makazi ya Shimba Hills miaka miwili, akaugua malaria mara sita, na ya saba hakuisubiri. Usukani kushoto, silinda sita, kiti cha mbele kipana kama benchi la kanisa. Mchungaji Musyoki aliipangusa kila asubuhi kwa kitambaa ambacho Jecinta alikitambua baadaye kuwa shuka ya wageni.

Kasoro yake ilikuwa moja. Ukiipakia watu au machungwa, kile kilima cha kutoka Kombani kwenda Kwale ilikipanda ikihema kama mzee mwenye pumu. Na kila Jumatano, mahali pale pale, walipitwa na Dzombo, mchuuzi wa samaki wa Majoreni, katika gari kuukuu la pijo lililofungwa mlango kwa kamba. Maji ya samaki yaliruka yakapiga kioo cha mchungaji. Dzombo alitoa mkono dirishani, akapaza sauti kwa adabu zote:

"Mchungaji, liombee!"

Jecinta aliuma ncha ya leso yake asicheke. Mumewe hakusema neno mpaka Kwale, na kwa mtu aliyehubiri saa tatu bila kunywa maji, huo ulikuwa ugonjwa.

Kesho yake wakateremka Ukunda kwa Fundi Garama. Garama alikuwa Mgiriama wa makamo aliyetega taimingi, saa ya plagi kutoa cheche, ya magari ya nusu ya pwani ile kwa sikio. Kwa kawaida alilegeza nati, akazungusha distribyuta, kifaa kinachogawa umeme, kwa vidole viwili, macho ameyafumba kama mtu anayeonja mchuzi, mpaka injini ikaimba alivyotaka. Sasa alifungua boneti ya pikapu, akainama, akazunguka upande wa pili, akainama tena. Hakuona cha kuzungusha.

"Hili limehasiwa," alisema.

"Fundi!" Mchungaji alishtuka.

"Samahani, Mchungaji. Lakini taimingi yake imefungiwa ndani ya kompyuta. Mimi nitamsemesha nani humo?"

Jecinta alikuwa akipekua kijisanduku cha dashibodi akitafuta karatasi ya kufutia jasho. Alichotoa kilikuwa kitu cheusi chenye vitufe na kioo kidogo, kama rimoti ya televisheni, kimening'iniza waya mnene. Pamoja nacho, kijitabu cha Kiingereza. Kabla hajawa mama mchungaji, Jecinta alikuwa amefundisha Kiingereza darasa la saba kwa miaka kumi na mmoja, na hakuna aliyemwomba aseme hata sentensi moja ya Kiingereza tangu hapo. Akaanza kusoma kwa sauti, kidole mstarini. Alipofika ukurasa wa nne, Garama alikuwa ameketi juu ya tairi kama mwanafunzi.

"Kinasema hii rimoti inaongea na kompyuta ya gari," Jecinta alieleza. "Unachomeka waya chini ya usukani, ufunguo umewashwa ila injini imezimwa. Halafu unabadilisha taimingi kwa digrii. Mbele au nyuma."

"Mbele ndiko kwenye nguvu," Garama alisema, akimgeukia mchungaji. "Plagi inatoa cheche mapema kidogo, moto unawahi kuisukuma pistoni. Lakini ukizidisha, moto unaipiga pistoni kabla haijafika juu. Injini inajichapa makofi yenyewe. Utaisikia inagonga, kama kokoto ndani ya debe."

"Na kijitabu kinasema tusizidishe digrii nne," Jecinta aliongeza, "na petroli iwe supa tupu. Ikigonga, tupunguze. Na waya usichomolewe kazi haijaisha, kompyuta itakufa."

"Weka nane," alisema Mchungaji Musyoki.

Walibishana hadi wakaafikiana sita. Jecinta ndiye aliyebonyeza, maana ndiye pekee aliyejua kilichoandikwa. Kioo kikahesabu asilimia polepole, dakika nane nzima, na Garama akatazama kama mtu anayemwona mke mwenzie akiingia nyumbani. Kisha wakajaza supa, wakaijaribu kwenye barabara ya Msambweni. Pikapu iliruka. Jecinta alihisi mgongo wake ukizama kitini, na aibu yake ni kwamba alifurahi. Mumewe alipiga haleluya iliyowafanya mbuzi wa Mwabungo watawanyike.

Jumatano iliyofuata walimpita Dzombo kilimani. Mchungaji alitoa mkono wake dirishani, akaupunga taratibu, kama anayebariki.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Mchungaji alianza kutafuta safari. Alifika mazishini kabla ya maiti. Alitembelea wagonjwa waliokwisha pona. Petroli ikawa inaisha kabla ya wiki, naye rimoti ile aliifungia kwenye kijisanduku, akatoa amri: "Mtu asiiguse. Iko pale inapotakiwa." Jecinta alingoja mumewe aende kuoga, akachukua ufunguo kwenye suruali, akaihamishia rimoti kwenye mkoba wake. Hakujua kwa nini. Labda kwa sababu kijitabu chake alikuwa amekisoma mara tatu, na mumewe hata mara moja.

Mwezi wa Novemba walialikwa kufungua kanisa dogo huko Jego, karibu na Vanga. Wanakwaya kumi nyuma, ngoma mbili, kreti za soda, na kiongozi wao Wambua, mwenye sauti nene na tumbo linalolingana nayo. Walipofika Lunga Lunga, tangi lilikuwa linalia. Mchungaji akanunua petroli ya mtungi kando ya barabara. Jecinta alinusa, akakunja uso.

"Baba Mwelu, hii ina mafuta ya taa."

"Mama Mwelu, kila kitu kina mafuta ya kitu."

Kilomita tano mbele, juu ya mashimo yaliyoachwa na mvua, injini ilianza. Ko-ko-ko-ko. Kokoto ndani ya debe, kama alivyosema fundi. Mchungaji aliongeza sauti ya kaseti ya kwaya. Injini nayo ikaongeza.

"Inagonga," Jecinta alisema.

"Ni barabara."

"Baba Mwelu, tunapanda kilima, barabara haigongi kwa kupanda. Ni taimingi. Simama nipunguze."

"Hapunguzwi mtu nguvu katika gari hili!" Mchungaji alisema, akakanyaga.

Mshale wa joto ulipanda hadi mwisho ukakaa huko. Mvuke ukatoka kwenye boneti, na pikapu ikasimama yenyewe, kwa heshima, katikati ya barabara. Wanakwaya wakashuka. Jego haikuonekana, Lunga Lunga haikuonekana, na jua la saa sita lilikuwa limewashika utosini.

Hawakungoja sana. Pijo lililofungwa mlango kwa kamba lilitokea upande wa Vanga, limesheheni mapipa ya samaki. Dzombo alishuka, akasalimia kila mtu, akamwangalia mchungaji, na kwa hisani ambayo Jecinta hakuisahau, hakusema lolote kuhusu kuombea gari. Alingoja rejeta ya maji ipoe, kisha akaijaza maji ya barafu iliyoyeyuka kwenye mapipa yake. Injini ikanukia samaki aina ya changu.

Mchungaji akaiwasha. Ko-ko-ko-ko, hata kabla ya kuondoka. Akazima. Wanakwaya walimtazama. Jecinta aliijua sura ile. Ilikuwa ya mtu aliyekwisha kosea na asiyeona njia ya kurudi bila kuonekana anarudi.

"Ndugu zangu," mchungaji alisema, "tushikane mikono, tuzunguke mbele ya gari, tufumbe macho. Tutaliombea."

Dzombo akaenda kuketi kwenye kivuli cha pijo lake. Jecinta akasema anasikia kizunguzungu, ataombea ndani. Mara macho yalipofumbwa, alifungua mkoba, akajilaza chini ya usukani, miguu ikatokeza nje ya mlango, akachomeka waya na kuwasha ufunguo nusu. Digrii sita. Tano. Nne. Hakusimama kwenye sifuri. Kwa petroli ile ya mtungi, alifikiri, hata Wamarekani wangerudi nyuma. Akaenda mpaka mbili chini ya sifuri, akabonyeza kitufe cha mwisho. Kioo kikaanza kuhesabu. Asilimia moja. Mbili.

Kwa miaka ishirini ya ndoa Jecinta alikuwa amewaombea watu mengi, lakini hakuwahi kuomba kwamba maombi ya mumewe yawe marefu. Siku hiyo aliomba. Na siku hiyo, kwa ajili ya jua au aibu, mchungaji alikuwa anafupisha. Asilimia arobaini alikuwa amemaliza shukrani. Hamsini na tano alikuwa amemfunga shetani wa barabarani. Sitini akasema, "Na sasa, Baba, tunapohitimisha..."

"Na wagonjwa, Bwana!" Jecinta alipaza sauti kutoka chini ya usukani. "Wagonjwa wa Msambweni!"

"Naam, wagonjwa," mchungaji aliendelea. Wagonjwa wakampeleka sabini. "Ni katika jina la..."

"Na wajane!"

"Wajane, Baba." Sauti yake iligota, kisha ikashika kasi. Aliwataja wajane wa skimu nzima, mmoja mmoja. Themanini na nne.

"Na serikali!"

Wanakwaya walianza kuhamisha miguu. Serikali iliombewa, ikaombewa tena, ikarudiwa mara ya tatu. Kule kivulini Dzombo, ambaye hakuna aliyemwamuru afumbe macho, alikuwa amejifunika kofia usoni na mabega yakimtikisika. Mia. Jecinta akachomoa waya, akaurudisha mkobani, akaketi.

"Amina," mchungaji alisema.

"Amina," alijibu mkewe, akijipangusa jasho.

Pikapu iliwaka kimya. Haikuruka tena, lakini ilivuta, kwa utulivu, kama punda aliyekwisha kubali maisha. Wanakwaya walilia kwa furaha. Wambua alipiga magoti kwenye vumbi na ikabidi anyanyuliwe na watu wawili. Mchungaji Musyoki hakumtazama mkewe. Aliendesha mpaka Jego mikono yote miwili usukanini.

Jecinta alidhani yameishia hapo. Jumapili, mumewe alisimama madhabahuni akaanza ushuhuda. Injini iliyokufa, alisema. Mkono usioonekana. Jecinta aliutazama mkono wake mwenyewe, uliokuwa na alama nyeusi ya grisi kwenye kucha. Unaweza kumwachia mtu muujiza mmoja, aliwaza. Havunjiki mguu mtu.

Ndipo Mwinga aliposimama. Mwinga alilima mahindi upande wa Lukore, na trekta lake lilikuwa limelala miezi minne likingoja pampu.

"Mchungaji," alisema, "pampu nilikuwa niende kuichukua Mombasa kesho. Sasa nimeiacha. Nitalivuta trekta kwa ng'ombe nililete hapa Jumamosi, uliombee."

"Lilete," alisema mchungaji, ingawa sauti ilitoka nyembamba.

Jecinta alijikuta amesimama. Sauti iliyomtoka ilikuwa ile ya darasa la saba.

"Mwinga, kachukue pampu. Mkono usioonekana ulikuwa wangu. Nilikuwa chini ya usukani na rimoti. Niliirudisha taimingi digrii nane, kutoka sita mbele mpaka mbili nyuma. Petroli ilikuwa mbaya na taimingi ilikuwa imezidi. Ndiyo hivyo."

Kisha sauti nene ikatoka kwenye kwaya.

"Kumbe!" alisema Wambua. "Ndiyo maana serikali tuliiombea mara tatu!"

Alianza kucheka mwanamke mmoja nyuma, wakafuata wawili, likafuata kanisa. Mchungaji alifunga Biblia. Ibada iliisha kabla ya saa tano, jambo ambalo halijawahi kutokea tangu skimu ianzishwe, na baadhi ya watu walitoka wakimshukuru Jecinta kwa hilo tu.

Nyumbani Mchungaji hakula. Alikwenda kukaa ndani ya pikapu, dirisha limefungwa. Jecinta alimwacha mpaka jua lilipopunguza ukali, kisha akafungua mlango wa pili, akaketi.

"Nilikuona," alisema mumewe, akiangalia mbele.

"Uliniona lini?"

"Kwenye wajane. Nilifumbua jicho moja. Nikaona miguu yako."

Jecinta alimgeukia. "Ukaendelea kuomba?"

"Kijitabu kilisema waya usichomolewe kazi haijaisha." Alikuna kidevu. "Ningefanya nini, nikuache uiue kompyuta? Nikavuta serikali mpaka nikakosa maneno."

Jecinta hakujua acheke au ampige na mkoba. Mtu huyu alikuwa amemkinga mbele ya watu kumi, kisha Jumapili akamwibia hicho hicho alichomkingia.

"Basi ungesema, Baba Mwelu. Leo. Mwinga angengoja mvua zimpite akisubiri maombi yako."

"Niliposimama pale, watu walinitazama vile... Ilikuwa tamu." Alisema hivyo polepole, kama mtu anayetapika. "Jumapili ijayo nitasema mwenyewe."

"Utasema nini?"

"Kwamba nilijua."

"Na kwa urefu gani?"

Alifikiri. "Dakika arobaini?"

"Sentensi moja."

Walibishana mpaka giza likaanza kuingia. Jumapili iliyofuata Mchungaji Musyoki alisimama, akakohoa, akasema, "Ndugu zangu, niliiona miguu ya mke wangu nikanyamaza, nanyi mnisamehe." Akafikia hapo, midomo yake ikafunguka kuendelea. Jecinta, kwenye benchi la mbele, alimkazia macho. Mchungaji akameza mate, akafungua karatasi ya matangazo, akaanza na la Mwinga: trekta limewaka, na anayetaka kulimiwa aandikishe jina.